Matokeo Yalipomfikia Mama Diwani Kwenye Kamba Zangu za Nguo

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kope za kubandika, kaa hapo, hilo jiwe halina mwenyewe. Mnasema mmepata kazi ya rumu kwenye loji kule juu, njia ya geti la Ngorongoro. Vizuri. Mimi nimefua mashuka ya kule mpaka magoti yakaniambia, mama, sisi tunastaafu, wewe ukitaka endelea. Nikaona nitaendeleaje bila magoti? Tukastaafu wote.

Kusoma sijui, msinitegemee huko. Herufi naziona kama sisimizi wanahama. Ila sauti ya mtu nikiisikia inaingia humu kooni inakaa. Meneja wetu, Mchaga mmoja tulimwita Kaka Eligi, alikuwa akipita dirisha la jikoni anasikia sauti yake mwenyewe inafoka ndani: "Aisee! Nani ameacha maji yanatiririka, aisee! Maji yanatoka kwa baba yako?" Anasimama. Anajiangalia kama yuko nje au yuko ndani. Halafu anacheka, anasema, "Mama Bura, siku moja utanifukuzisha kazi kwa sauti yangu."

Sasa kazi. Kazi yenu adui yake siyo mgeni, adui ni udongo. Huu mwekundu wetu. Mgeni anarudi kutoka kreta, anajitupa kitandani na viatu, anaamka ameacha picha yake pale, kichwa, mikono, kila kitu. Msichana mgeni kazini anakimbilia nini? Maji ya moto. Ukishamwagia moto umeupika ule udongo ndani ya uzi, umekuwa wako, ufunge ndoa nao. Shuka liache likauke. Likung'ute, lipigepige na mkono. Ndipo maji ya baridi na sabuni ya kipande, taratibu, kama unamwosha mtoto mchanga. Jiki baadaye, na kidogo. Mama Martha wa Buger, aliyenifundisha, alikuwa ananusa shuka tu anajua umedanganya. Anakuja na pua mbele: "Wewe. Maji moto." Hata hakuwepo!

Huyo huyo ndiye alinifundisha kukunja taulo liwe tembo, lile la kuweka kitandani mgeni akirudi afurahi. Tembo wangu wa kwanza mgeni alimpiga picha akamwonyesha Kaka Eligi, akamuuliza kwa nini tumemwekea nguruwe. Mama Martha akasema mwache, nguruwe naye ni mnyama.

Na sheria yake kubwa ilikuwa hii. Shuka la kitanda kikubwa linakunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnavuta mpaka lilie, mnatembea kukutana. Mkishashika, hakuna wa kuachia. Nyoka apite, simu ilie, mume aje na panga, shuka kwanza. Likigusa tope mnaanza upya wote wawili, na lawama mnagawana.

Nyie mnacheka. Sheria hiyo niliona inashikwa na mtu ambaye hata kazi hakuajiriwa.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zile ndefu. Mnajua Karatu ikinyesha: magari yanakwenda upande, wageni wanakwisha, loji inabaki na Wadachi wawili wanaopenda bei ya chini. Wakaja Waingereza, mume na mke, watu wazima. Safari hiyo watoto wao waliwalipia mapema kwa sababu mzee amestaafu, na siku zikawa zimepangwa, haziguswi. Mume mrefu, anapenda ndege. Sio ndege ya kupanda, ndege wa mtini. Anakusimamisha na ndoo kichwani anakuonyesha kunguru.

Mke ndiye habari. Kaka Eligi alikuja kule kwangu uani anakimbia, anashika kiuno: "Aisee Mama Bura, yule mama ni mzito, aisee. Ni diwani kwao! Na amegombea tena. Kura wamepiga jana, leo wanahesabu!"

Nikamwambia, sasa yuko hapa anatafuta nini?

Jamani, si na nyie mnajua mambo ya huku. Mimi ni wa Daa. Kule kwetu siku ya kuhesabu kura mgombea hatoki pale nje ya kituo hata kwenda chooni. Wakala wake anakaa macho yametoka kama chura. Mke wa mgombea analeta uji, mgombea anaunywa amesimama. Huyu mwenzetu ameacha kura zinahesabiwa, amevaa kofia, amekuja.

Tukamwita Mama Diwani. Mume, bila kugombea kitu, akawa Baba Diwani. Alifurahi sana.

Asubuhi hiyo Baba Diwani akashuka kreta na dereva. Mama Diwani akakataa, anasubiri simu. Na simu kule loji, mvua ikinyesha, umeme ukikatika, inashika mahali pamoja tu: kwangu. Pale juu, mwisho wa kamba za nguo, kwenye banda la bati la kupigia pasi. Kila mtu alikuwa anakuja kupigia simu kwangu, ndiyo maana nilikuwa najua nani anadaiwa na nani anapendwa.

Basi akaja na mwavuli. Ana Kiswahili cha kitabu, kila neno analitoa peke yake, analipangusa kwanza: "Habari. Za. Asubuhi. Mimi. Nasubiri. Simu. Samahani." Nikamwambia karibu mama, kaa. Hakukaa. Alisimama, anaangalia simu, anaangalia mvua, anaangalia simu. Mtu akikuzungukia hivyo bandani na wewe una jiko la mkaa na pasi, utaunguza kitu. Nikamshikisha pembe za shuka.

Alielewa haraka, lazima niseme. Kuvuta alijua. Nikamwonyesha kwa mikono: hapa usiachie, ukiachia, mimi na wewe, kuu! Nikajikata shingo na kidole. Akacheka, akasema, "Ndiyo, ndiyo. Siachii."

Mzee Lemburis akaja kuota moto. Huyo alikuwa mlinzi wetu wa mchana, Mmasai mzima na rungu lake, kwao kule mbele, njia ya Wasso. Alikuwa na shuka lake jekundu, juu amevaa koti la mvua la njano alilopewa na mgeni mnene. Kaka Eligi naye akajileta, anasema anakagua pasi. Wapi. Alitaka habari. Basi yeye ndiye akawa anatafsiri.

Mzee Lemburis akaanza, kwa Kiswahili chake ambacho kila mtu ni 'na': "Eti hii mama naacha kura yake nakuja kuangalia nyumbu?"

Kaka Eligi akamtafsiria, nadhani aliondoa miiba. Mama Diwani akasema yeye mwenyewe kura yake aliitanguliza kwa posta, na kabla ya kuja amegonga milango yote ya kata yake, mlango kwa mlango, mpaka mbwa wa kule wanamjua.

"Na nataka nini huko ndani ya baraza? Si amezeeka, si apumzike?" Mzee Lemburis akaendelea.

Hapo ndipo Mama Diwani akaeleza. Kuna nyumba moja katika mji wao, ya halmashauri, ya wazee kushinda mchana. Asubuhi mzee analetwa, anapewa chai, anacheza karata, anamwona mwenzake, jioni anarudishwa kwake. Mama yake mzazi alikuwa anashinda pale mpaka alipokufa. Sasa upande wa pili wanasema nyumba imechakaa, ifungwe, kiwanja kiuzwe. Yeye akiwa ndani ya baraza anaweza kuizuia, ameshaizuia mara nyingi. Anayeshindana naye ni kijana mmoja, siyo mbaya, anasema, lakini ile nyumba yeye haijui.

Mzee Lemburis akafikiri. "Hao wazee hapana watoto?"

"Wapo," Kaka Eligi akarudisha. "Anasema wapo kazini."

"Wote?"

"Anasema wote."

Mzee Lemburis akageuza mikono yake juu ya mkaa.

Kaka Eligi akanivuta pembeni. Kumbe jikoni keki imeshaokwa! Mnaijua ile keki ya loji, ya siku ya kuzaliwa, ya fungate, watu wanatoka na sufuria na wimbo. Akaninong'oneza: "Sikiliza Mama Bura. Wewe uko naye karibu. Matokeo yakija akishinda, piga kigelegele. Tukisikia tu, tunatoka na keki."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa, wewe kimya. Keki tutawapa Wadachi, tutawaambia ni ya mvua."

Nikasema sawa. Kazi rahisi. Kiingereza sijui, lakini uso wa mtu hauna lugha. Ndivyo nilivyodhani. Sasa sikilizeni vizuri hapa, hii ni ya kazi, itawasaidia: uso wa Mwingereza una lugha yake, na siyo ya kwetu. Mwingereza ukimkanyaga mguu yeye ndiye anakuomba msamaha. Ukimletea supu imepoa anakwambia nzuri sana, kisha anaenda kulalamika kwao.

Kaka Eligi akarudi kwake, Mzee Lemburis akaenda getini. Tukabaki wawili tunakunja. Tuko katikati ya shuka kubwa kabisa la rumu ya fungate, limevutwa, linalia, ndipo simu ikaita pale juu ya meza ya pasi. Tiii, tiii. Ujumbe.

Nilimwona macho yake yanakwenda kule. Mikono haikuenda. Tukatembea tukakutana, akanipa pembe zake, akashika mkunjo wa chini, tukarudi, tukavuta, tukakutana tena. Simu imenyamaza. Akalilaza shuka juu ya mengine, akalisawazisha na kiganja. Ndipo akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua simu.

Akasoma. Akasema hivi, na nisikilizeni sauti yenyewe: "Oo. Weeel." Akanigeukia, akatabasamu. Meno yote. Meno mazuri, ya kwake.

Nikapiga kigelegele.

Wanangu, nilikipiga kile cha harusi. Kunguru wa Baba Diwani wote waliruka. Jikoni kukalipuka: mlango paa! Wanatoka kwenye mvua, mpishi mbele na keki imefunikwa mwavuli, yeye mwenyewe analowa, nyuma wahudumu wanapiga sufuria, "Hongera, hongera!", Mzee Lemburis anatoka getini anaruka ile ruka yao, koti la njano linapepea kama hema limeng'oka. Mimi nimemshika Mama Diwani kiuno, namchezesha. Na yeye anacheza! Anapiga makofi, anasema, "Asanti. Asanti sana. Oo, asanti." Wakampa kisu, akakata keki. Akamlisha mpishi kipande, akanilisha mimi, kama bibi harusi.

Basi Kaka Eligi, mdomo umejaa keki, ndiyo akamuuliza kwa Kiingereza: amemshinda yule kijana kwa kura ngapi?

Akajibu. Polepole, kwa adabu.

Nikaona shavu la Kaka Eligi limesimama, keki haiendi mbele wala nyuma. Akageuka. "Jamani," akasema. "Aisee jamani. Mama ameshindwa."

Nyuma kuna mmoja alikuwa hajasikia, bado anapiga sufuria, "Hongera, hongera, hongera..." mpaka mpishi akamfinya.

Ameshindwa kwa watu wachache tu, Kaka Eligi akasema, watu wa kujaza mabenchi ya mbele kanisani, basi. Wote tukanigeukia mimi. Naam, hata mimi nilijigeukia.

"Mama Bura, wewe umeona nini?"

"Nimeona meno!"

Sasa mtu angefanya nini? Keki imeshakatwa. Mpishi, Mmeru yule, mtu mwenye akili, akaweka sufuria chini, akavua kofia yake, akampa mkono: "Pole sana, mama." Nyuma yake mwingine, "Pole, mama." Tukajipanga mstari kama msibani. Waliokuwa wanaruka sasa hivi wameinamisha vichwa, makombo midomoni. Ile keki tuliyoanza kuila ya sherehe, tukaimalizia ya msiba. Na ladha ni ile ile, msidanganywe.

Mama Diwani alikuwa anacheka, anapokea pole moja moja, "Asanti, asanti." Halafu akasema kitu kwa Kaka Eligi. Kaka Eligi akatoa macho: "Anasema anataka kumpigia yule kijana. Ampongeze."

"Nani ampongeze nani?" mpishi akauliza.

"Yeye. Huyo aliyemshinda."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Kwetu, na nyie mnajua, hao wawili wangepishana barabarani mpaka uchaguzi mwingine, mmoja anaangalia Oldeani mwingine anaangalia Manyara. Huyu akabonyeza simu, akaiweka sauti kubwa, akaiweka juu ya mashuka yangu. Kijana akapokea. Sauti nyembamba, ya mtu aliyekunywa chai nyingi asubuhi. Mama Diwani akampongeza, akamtaja jina lake. Kijana akauliza, hizo kelele za nini? Maana mvua ilikuwa inapiga bati, na watu wananong'ona. Mama Diwani akatuangalia, akainua mikono miwili kama kiongozi wa kwaya. Tukaelewa. Tukampigia kijana wa watu wimbo wote, na sufuria, na kigelegele changu cha pili, mpaka mwisho. Nadhani hakuna diwani wa Uingereza aliyewahi kushangiliwa Karatu kabla yake.

Ulipokwisha, Mama Diwani akaacha kucheka. Akaiinamia simu, akamwambia kijana maneno machache. Hata mimi nilijua ni nyumba. Mtu akitaja kitu chake, sauti inashuka chini kidogo.

Kijana akakohoa. Akajibu.

"Anasemaje?" tukamvuta Kaka Eligi shati.

"Anasema... suala hilo amelipokea. Ataliangalia."

Wee! Tulicheka! Mpishi alikaa chini kwenye tenga la nguo chafu. "Huyo ni diwani! Huyo ni diwani kabisa, mpeni kiti!" Mmoja akamwigiza wa kwetu, tumbo mbele: "Ndugu wananchi, suala la maji tumelipokea, tutaliangalia." Mimi ndiye niliyeigiza, nani mwingine. Na wewe umelisubiri bomba mpaka umeota mvi.

Simu ikakatika. Mama Diwani akauliza tunacheka nini. Kaka Eligi akamweleza. Akacheka naye, ha, ha, na katikati ya kile kicheko uso ukageuka. Yale meno yakaenda. Akakaa kwenye benchi, akashika kitambaa changu cha kupangusia pasi, akalia. Kura hakuzililia hata tone. Alililia lile jibu.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, maana mgeni akilia si vizuri kumzunguka kama ng'ombe aliyeanguka. Nikabaki mimi, Kaka Eligi, na Mzee Lemburis, aliyekuwa anakula kipande cha mwisho bila haraka. Huyo mzee hakuwa na huruma ya mdomoni. Alipangusa kidevu, akauliza:

"Hii nyumba, wameshafunga?"

Kaka Eligi akauliza, akarudisha: bado.

"Ndani kuna wazee?"

Leo ndiyo siku yao, wamo.

"Sasa nalia nini? Boma kama nafuka moshi, nani navunja? Mimi sijaona. Navunja ile watu wametoka." Akaelekeza rungu kwa Mama Diwani, bila ubaya, kama anamwonyesha njia ya choo. "Watu wametoka, wamekwenda kuangalia nyumbu."

"Mzee, hiyo siwezi kumwambia mgeni," Kaka Eligi akasema.

"Mwambie."

"Aisee mzee, kuna kitabu cha maoni pale mapokezi!"

"Mwambie, au nasema mimi kwa Kimasai."

Akamwambia. Alianza kwa kujiumauma, lakini nadhani alifika mwisho, kwa sababu Mama Diwani aliondoa kile kitambaa usoni, mkaa umemchora shavuni, akamwangalia Mzee Lemburis. Mzee Lemburis akamuuliza kama keki ndiyo imekwisha kweli.

Kesho yake wakaondoka kwenda Serengeti, kofia, darubini, kwaheri, asanti. Maisha yakaendelea, udongo haukungojea mtu.

Mvua za mwaka uliofuata, bei zimeshuka, ikaingia gari, akashuka Baba Diwani. Peke yake. Tukaogopa. Nyie, mtu mzima akija peke yake mahali alipokuja na mke, unatafuta kwanza maneno. Kaka Eligi alimzunguka na habari za barabara, habari za ndege, mpaka mwisho akauliza: na mama?

Mzima, akasema. Yuko mle.

Wapi?

Mle kwenye nyumba ya wazee. Tangu waliporudi anashinda mle. Asubuhi anafungua, anachemsha chai, anakaa. Yule kijana alikuja na watu wa kupima kiwanja, akakuta viti vyote vina watu, akaambiwa kaa unywe chai, akanywa. Akaja tena, akanywa tena. Nyumba haijafungwa. Haijaahidiwa kitu, lakini haijafungwa.

Kwa nini hakuja naye?

Anasema hatoki. Akitoka kiti chake kitabaki wazi, watakiona.

Kaka Eligi alitafsiri yote hayo, sisi tumesimama pale mapokezi na mizigo ya mgeni mikononi. Tulifurahi. Mzee Lemburis alikuwa mlangoni, koti la njano, maji yanamtiririka. Alimwangalia Baba Diwani juu mpaka chini: mvi, fimbo, goti la kukokota, mzee kamili. Akasema:

"Na wewe nafanya nini hapa?"

Baba Diwani akamgeukia Kaka Eligi, anatabasamu, anasubiri kutafsiriwa. Kaka Eligi akainua begi lake, akasema rumu iko tayari.